Pikialasorsuaq: Bahari Isiyoganda na Watu Wake

Qaanaaq, mji wa takriban watu 600 kaskazini-magharibi mwa Greenland, haulioni jua tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari. Katika miezi hiyo ya giza baridi hushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na Ghuba ya Baffin huganda karibu yote. Hata hivyo, magharibi ya mji huo liko eneo la bahari ambalo barafu yake haipati nafasi ya kukomaa. Mvuke hufuka juu ya maji, na sili huja kuvuta pumzi. Wainuiti wa Greenland huliita eneo hilo Pikialasorsuaq, na wenzao wa upande wa Kanada huliita Sarvarjuaq. Wawindaji wa nyangumi kutoka Uingereza waliliita Maji ya Kaskazini. Wanasayansi huliweka katika kundi la polinia, yaani sehemu za bahari zinazobaki wazi katikati ya barafu mwaka baada ya mwaka, na katika Aktiki nzima hakuna polinia inayoizidi hii kwa ukubwa na rutuba.

Barafu ya bahari hupasuka kila mahali, kwa sababu upepo, mawimbi na mikondo havitulii. Lakini ufa wa kawaida hufunguka leo na kuziba kesho. Polinia hurudi pale pale, kwa sababu pana nguvu za kudumu zinazoifungua. Hapa nguvu hizo huanzia kwenye Mlango-bahari wa Nares, mfereji wa asili wenye urefu wa kilomita 500 hivi, unaotenganisha Greenland na Kisiwa cha Ellesmere cha Kanada. Mapande ya barafu kutoka Bahari ya Aktiki huteremka humo yakisukumwa na upepo na mkondo. Baridi inapokolea, mapande hayo hubanana penye wembamba, karibu na Mlango wa Smith, yakagandamana na kuwa tao linaloshika nchi kavu pande zote mbili. Hilo ndilo daraja la barafu. Likishasimama, barafu ya kaskazini haipiti tena. Upepo wa kaskazini nao hauachi kuvuma, na kila utando mpya unaoganda kusini mwa daraja husombwa kabla haujawa mnene. Maji yenye joto kidogo yanayopanda kutoka chini huongezea kazi hiyo. Inapofikia upana wake mkubwa, mwezi Mei au Juni, polinia hii huwa na takriban kilomita za mraba 80,000, kulizidi Ziwa Victoria.

Basi maji haya yako wazi kwa sababu ipo barafu inayoyalinda. Jambo hilo ndilo limeamua historia ya eneo zima. Waliolijua walijenga maisha juu yake kwa vizazi vingi. Waliokuja kutoka mbali bila kulijua walilipa kwa meli zao, na wengine kwa roho zao. Leo daraja lenyewe limeanza kushindwa kusimama, na swali la nani amelielewa na nani aliamulie mambo yake limekuwa zito kuliko wakati wowote.

Mwanzo: kutoka miaka 4,400 iliyopita hadi karne ya 13

Chini ya bahari, matope hutuama tabaka juu ya tabaka, na ndani yake hubaki mabaki ya viumbe vidogo vilivyoishi juu. Mwaka 2021 kundi la watafiti likiongozwa na Sofia Ribeiro, wa taasisi ya jiolojia ya Denmark na Greenland, lilichapisha matokeo ya kusoma matabaka hayo. Yalionyesha kwamba polinia yenye rutuba ilijengeka kati ya miaka 4,400 na 4,200 iliyopita. Wakati huohuo ndipo watu wa kwanza walipofika Greenland, wakitokea Kanada kwa njia hii ya kaskazini.

Walichofuata kinaeleweka. Bahari ikiwa wazi mapema, mwanga wa jua la majira ya kuchipua huyafikia maji wiki nyingi kabla ya kuyafikia maeneo ya jirani yaliyofunikwa. Planktoni huchanua. Kopepodi, viumbe wadogo wenye mafuta mengi, huila planktoni hiyo. Ndege wadogo weusi kwa weupe waitwao appaliarsuit huja kwa makumi ya mamilioni kula kopepodi na kutaga katika mawe ya miteremko ya pwani. Samaki huvuta sili, sili huvuta dubu weupe. Narwali, nyangumi weupe na walrasi hukaa humo hata wakati wa baridi kwa kuwa wanapata pa kuvutia pumzi. Mwindaji mwenye chusa, akisimama ukingoni mwa barafu, hukuta mbele yake chakula cha mwaka mzima.

Lakini matope yale yale yalitoa habari nyingine. Kati ya takriban miaka 2,200 na 1,200 iliyopita, hewa ilipokuwa na joto zaidi, polinia iliyumba na rutuba yake ikapungua. Katika kipindi hicho wanaakiolojia hawaoni dalili za watu katika Greenland. Baridi iliporudi na bahari kutengemaa, watu nao walirudi. Kwanza walikuja watu wa utamaduni wa Dorset, kisha, katika karne ya 13, watu wa utamaduni wa Thule waliosafiri kutoka Alaska kwa sleji za mbwa na mashua za ngozi. Hao wa pili ndio mababu wa Wainuiti wa leo.

Wageni hao hawakuishi peke yao katika dunia yao. Katika eneo la Rasi York, kwenye pwani ya Greenland, vilikuwako vipande vya kimondo kikubwa cha chuma kilichoanguka zamani, na watu wa Dorset na wa Thule waligonga vipande vyake kupata makali ya visu na vichwa vya chusa. Kwenye kisiwa kidogo karibu na Ellesmere, mwanaakiolojia Peter Schledermann alichimbua, mwishoni mwa miaka ya 1970, misumari ya meli, vipande vya deraya na kitambaa cha sufu, vyote vya Wanorse waliokuwa na makazi kusini mwa Greenland. Karne nyingi kabla ya ramani za Ulaya kulichora eneo hili, watu wa ukingo huu walikuwa tayari wanapata vitu kutoka upande wa pili wa Atlantiki.

1616–1830: Meli zinawasili

Mwaka 1616 meli ya Kiingereza Discovery, chini ya nahodha Robert Bylot na rubani William Baffin, ilikuwa inatafuta njia ya kwenda Asia kwa kupitia kaskazini ya Amerika. Ilizunguka ghuba iliyokuja kuitwa kwa jina la Baffin, ikakuta kaskazini bahari isiyo na barafu, na ikafika kwenye mdomo wa Mlango wa Smith. Njia ya Asia haikuonekana. Ramani ya Baffin haikuchapishwa, na baada ya miaka mingi wachoraji wa ramani wakaanza kutilia shaka kama ghuba hiyo ipo kweli.

Zilipita karne mbili. Mwaka 1818 John Ross alifika na meli mbili, Isabella na Alexander, akathibitisha kwamba Baffin alisema kweli. Pamoja naye alikuwako Mgreenlandi aliyejulikana kwa Waingereza kama John Sacheuse, mkalimani na mchoraji. Mwezi Agosti watu walitokea kwenye barafu wakiwa na sleji. Hao walikuwa Wainughuit, jamii ya Wainuiti wa kaskazini kabisa, ambao kwa vizazi kadhaa hawakuwa wameonana na watu wengine. Sacheuse aliwaendea peke yake, akazungumza nao hadi wakaelewana. Wao waliziona meli kuwa viumbe hai, na wakauliza kama zimetoka juani au mwezini. Ross aliona visu vyao vyenye makali ya chuma cha kimondo na akaandika habari hiyo, na kwa kuiandika akafungua mlango wa masaibu yatakayoelezwa mbele.

Wawindaji wa nyangumi walisoma habari za Ross kwa hamu. Kumbe nyuma ya barafu ya Ghuba ya Melville kuna bahari wazi, na nyangumi wa Aktiki wamejaa humo! Kila majira ya kuchipua meli zilishindana kuivuka Melville, zikijipenyeza katika nyufa nyembamba kati ya barafu ya pwani na barafu inayoelea. Nyufa hizo zilikuwa njia, na zilikuwa mtego. Mwaka 1830 upepo ulibadilika, barafu ikasukumwa pwani, na meli 19 za Uingereza zikasagwa. Mabaharia wapatao elfu moja walijikuta juu ya barafu na mapipa yao, na wengi waliokolewa na meli zilizobaki. Hasara hiyo haikuwazuia. Waliendelea kuwinda kwa miongo kadhaa, hata nyangumi wa Aktiki wakawa adimu katika maji yaliyokuwa yamewalisha watu kwa karne nyingi.

1853–1884: Ndoto ya bahari wazi ya ncha

Katikati ya karne ya 19 wasomi wa Ulaya na Marekani walipenda wazo moja la kale: kwamba nyuma ya ukanda wa barafu, kuizunguka Ncha ya Kaskazini, kuna bahari iliyo wazi. Matthew Fontaine Maury, bingwa wa mikondo ya bahari nchini Marekani, aliliunga mkono. August Petermann, mwanajiografia wa Ujerumani, alilitetea kwa ramani na makala. Kilichokosekana kilikuwa shahidi.

Elisha Kent Kane, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliondoka New York mwaka 1853 katika meli Advance. Njiani, huko Greenland, alimchukua kijana wa miaka kama 19, mwindaji hodari, Hans Hendrik, ambaye kwa lugha yake aliitwa Suersaq. Meli iliganda pwani kaskazini ya Mlango wa Smith na haikutoka tena. Juni 1854 Hendrik na William Morton waliendesha sleji kuelekea kaskazini hadi Rasi Constitution. Morton alipanda mwamba, akaona mbele yake maji matupu, mawimbi yakipiga na ndege wakiruka. Kane alipopata taarifa hiyo hakuwa na shaka: bahari wazi ya ncha imeonekana.

Morton hakusema uongo. Alichokiona kilikuwa sehemu ya Mlango-bahari wa Nares ambayo mkondo mkali huifungua mapema wakati wa kiangazi. Kosa lilikuwa katika kuunganisha maji yale na ncha. Kane na watu wake walikaa majira mawili ya baridi, wakisumbuliwa na njaa na kiseyeye, na walinusurika kwa nyama waliyouziwa na Wainughuit wa makazi ya Etah, waliokuwa wakiwinda kwenye ukingo wa polinia. Mwezi Mei 1855 waliiacha meli na kurudi kusini kwa mashua. Katika msafara wote walikufa watu watatu. Kitabu cha Kane kiliuzwa sana, na ndoto ya bahari wazi ikapata nguvu mpya.

Hendrik hakuondoka nao. Alioa msichana wa Kiinughuit na kubaki. Mwaka 1860 alipita Isaac Israel Hayes, aliyekuwa daktari wa Kane, akiitafuta bahari ileile, na Hendrik akajiunga naye. Hayes alirudi akidai kwamba yeye pia ameiona, na mwaka 1867 akatoa kitabu chenye jina hilo. Kisha ukaja msafara wa Charles Francis Hall katika meli Polaris, mwaka 1871. Hall alifariki mwaka huohuo. Oktoba 1872, usiku wa dhoruba, watu 19 walitenganishwa na meli na kubaki juu ya pande la barafu. Kati yao walikuwamo Hendrik, mkewe na watoto wao, mmoja akiwa mchanga wa miezi miwili. Pande hilo lilielea kusini kwa zaidi ya miezi sita, likimeguka kila mara. Hendrik pamoja na Ipiirvik, Mwinuiti kutoka Baffin, waliwinda sili katika nyufa za barafu, na nyama hiyo ndiyo iliyowalisha wote. Aprili 1873 waliokolewa karibu na Newfoundland, wote 19 wakiwa hai.

Ndoto yenyewe ilianza kufa mwaka 1876. Msafara wa Uingereza chini ya George Nares ulipita mlango-bahari wote, ukatoka kwenye Bahari ya Aktiki na kukuta barafu nene ya miaka mingi iliyojaa matuta hadi upeo wa macho. Hendrik alikuwamo katika msafara huo pia. Miaka mitano baadaye barafu iliisaga Jeannette, meli ya Marekani iliyojaribu kuifikia ncha kwa upande wa Siberia, na hoja ikafungwa.

Mara moja zaidi polinia iliwaadhibu wasioijua. Msafara wa jeshi la Marekani chini ya Adolphus Greely, watu 25, uliondoka kituo chake kaskazini ya Ellesmere mwaka 1883 baada ya meli za kuwachukua kushindwa kufika. Waliishia Rasi Sabine, kando ya Mlango wa Smith. Ng'ambo ya pili, Greenland, palikuwa na tumaini la msaada. Lakini mwaka ule mlango haukuganda vya kutosha: Februari 1884 George Rice na Mgreenlandi Jens Edward walijaribu kuvuka na kurudishwa na maji. Mwezi Juni meli za uokozi zilipofika, walikuwa wamebaki saba, na mmoja wao akafa baadaye. Bahari iliyo wazi, iliyokuwa ghala la chakula kwa Wainughuit, kwao ilikuwa ukuta.

Maarifa yaliyorudi

Hata wenyeji walikuwa wamepita kwenye hatari. Kane aliwakadiria Wainughuit kuwa watu takriban 140 tu. Walikuwa hawana tena kayaki wala upinde. Husimuliwa kwamba maradhi yaliwaua wazee waliokuwa na maarifa ya kuvitengeneza. Bila kayaki waliweza kuwinda kwenye ukingo wa barafu, lakini kiangazi, maji yakiwa wazi kila upande, narwali waliwapita mbele ya macho.

Msaada ulitoka ng'ambo, na ulipita darajani. Mganga na kiongozi aitwaye Qitdlarssuaq aliondoka Kisiwa cha Baffin katika miaka ya 1850 na kundi la jamaa zake, wakienda kaskazini kuwatafuta Wainuiti wengine. Baadhi walikata tamaa na kurudi. Waliobaki walivuka Mlango wa Smith katika miaka ya 1860 na kupokewa Etah. Waliwafundisha wenyeji wao kuunda kayaki, kutengeneza pinde na mikuki ya samaki. Wengine wao walioa na kuolewa, na koo za Qaanaaq leo zinawahesabu kuwa mababu. Wakati wasomi wa nchi za mbali wakibishana kuhusu bahari ya kufikirika, watu wa pande hizi mbili walikuwa wanaitumia barafu halisi kuokoana.

1894–1968: Chuma, biashara na ndege za vita

Kati ya mwaka 1894 na 1897 Robert Peary, Mmarekani aliyetaka kufika Ncha ya Kaskazini, alivichukua vipande vikubwa vya kimondo cha Rasi York. Kikubwa kabisa kina uzito wa tani 31. Viliuzwa kwa jumba la makumbusho la New York kwa dola 40,000, na viko huko hadi leo. Mwaka 1897 aliwachukua pia Wainughuit sita. Wanne walikufa upesi kwa maradhi, na mtoto Minik akaachwa yatima katika nchi ya kigeni. Wainughuit walikuwa wameanza kupata chuma cha meli, ndiyo. Lakini hapakuwa na aliyewauliza kama mawe yale yanauzwa.

Mwaka 1910 Knud Rasmussen, aliyezaliwa Greenland na kukulia katika lugha ya huko, pamoja na Peter Freuchen, walianzisha kituo cha biashara walichokiita Thule. Ngozi za mbweha zilibadilishwa kwa bunduki, chai na mbao, na faida ikagharimia misafara saba ya utafiti. Kituo kiliendeshwa kwa namna ambayo uwindaji wa sleji na chusa uliendelea kuwa msingi wa maisha.

Kilichovunja mwendo huo kilikuwa vita baridi. Mwaka 1951 Marekani ilijenga kambi kubwa ya ndege mahali hapohapo. Mei 1953 familia 27 za Wainughuit ziliamriwa kuhama kwa taarifa ya siku chache, zikaenda zaidi ya kilomita 100 kaskazini, mahali palipoitwa Qaanaaq. Nyumba zao hazikuwa zimejengwa, na walikaa katika mahema hadi Septemba. Mwaka huohuo, ng'ambo ya pili, serikali ya Kanada iliwahamisha Wainuiti kutoka kusini na kuwapeleka Kisiwa cha Ellesmere, ambako makazi ya Grise Fiord yalianzia, na wengine Resolute. Kanada iliomba radhi mwaka 2010. Waziri Mkuu wa Denmark aliomba radhi mwaka 1999, na mahakama zikatoa fidia, lakini hazikuwapa haki ya kurudi.

Januari 21, 1968, ndege ya kivita aina ya B-52 yenye mabomu manne ya haidrojeni ilishika moto na kuanguka kwenye barafu ya bahari karibu na kambi. Baruti za mabomu zililipuka, ingawa mlipuko wa nyuklia haukutokea, na plutoniamu ikatawanyika. Wainughuit wenye sleji za mbwa walishiriki katika kuwatafuta marubani gizani. Mwaka 1995 ilijulikana hadharani kwamba serikali ya Denmark, iliyotangaza kutotaka silaha za nyuklia katika nchi yake, ilikuwa tangu 1957 imeziruhusu kimyakimya Greenland. Watu wanaokula kutoka bahari hiyo ndio waliokuwa wa mwisho kujua.

1972–1999: Sayansi inalisoma eneo

Mpaka miaka ya 1970 picha ya polinia wakati wa usiku mrefu ilikuwa ya kubahatisha. Desemba 1972 Marekani ilirusha setilaiti Nimbus-5 yenye kifaa cha kupima mawimbi ya maikrowevu, ambayo hayahitaji mwanga wa jua wala hayazuiwi na mawingu. Kwa mara ya kwanza bahari wazi na barafu viliweza kutofautishwa katikati ya giza, na kuanzia 1978 rekodi hiyo imeendelea takriban bila kukatika.

Kati ya 1997 na 1999 watafiti kutoka nchi kadhaa waliungana katika utafiti mkubwa wa Maji ya Kaskazini. Mwaka 1998 meli ya kuvunja barafu ya Kanada, Pierre Radisson, ilikaa humo tangu majira ya kuchipua hadi kiangazi. Walipima jinsi planktoni inavyochanua mapema na kwa muda mrefu, jinsi kopepodi wanavyohamisha nguvu hiyo kwa ndege na samaki, na jinsi joto la maji ya chini linavyosaidiana na upepo. Hitimisho lao lilikubaliana na yale ambayo wawindaji wa kijiji cha Siorapaluk na wa Qaanaaq walikuwa wakiyategemea siku zote: kila kitu huanzia kwenye daraja.

2007 hadi leo: Daraja linaposhindwa

Majira ya baridi ya mwaka 2007 daraja halikusimama kabisa. Barafu ilipita Mlango-bahari wa Nares mwaka mzima, kwa kiasi cha karibu mara mbili ya wastani. Mwaka 2009 tao lilijengeka kaskazini tu, penye kutokea Bahari ya Aktiki. Miaka ya 2017 na 2019 lilivunjika mapema mno. Kent Moore wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba, katika miongo miwili, muda ambao matao ya Nares yanasimama ulikuwa ukipungua kwa takriban wiki moja kila mwaka. Barafu ya leo ni nyembamba kuliko ya zamani, na barafu nyembamba haiwezi kuzuia nguvu za upepo na mkondo.

Mtu anaweza kudhani kwamba joto likiongezeka, bahari wazi itakuwa kubwa zaidi, na hivyo rutuba nayo itaongezeka. Historia ya matope inakataa. Daraja likivunjika, mapande ya kaskazini humwagika na kuziba maji ya polinia. Mpangilio wa mwanga, upepo na maji yanayopanda huvurugika. Planktoni hukosa wakati wake, na ndege na nyangumi hukosa wao. Mwindaji naye hupoteza ukingo imara wa kusimamia. Hasara ya pili iko kaskazini: mlango ukiwa wazi, barafu nene ya miaka mingi iliyobaki kaskazini mwa Greenland na Ellesmere hupata pa kutokea na kuja kuyeyuka kusini.

Barafu hiyo ya mwisho nayo imeanza kupasuka. Februari 2018 bahari ilifunguka kaskazini ya Greenland katikati ya majira ya baridi, upepo wa joto ulipovuma kutoka kusini. Mei 2020 polinia yenye urefu wa kilomita 100 hivi ilifunguka kaskazini ya Ellesmere, mahali palipodhaniwa kuwa na barafu imara kuliko zote, ikadumu wiki mbili. Picha za zamani za setilaiti zilionyesha kwamba jambo kama hilo liliwahi kutokea mwaka 1988 na 2004. Tofauti ni kwamba barafu inayopasuka sasa ni dhaifu.

Nani aamue?

Mwaka 2016 Baraza la Wainuiti wa Aktiki liliunda tume ya Wainuiti wenyewe kuhusu Pikialasorsuaq. Makamishna walikuwa Okalik Eegeesiak; Eva Aariak, aliyewahi kuongoza serikali ya Nunavut, Kanada; na Kuupik Kleist, aliyewahi kuongoza serikali ya Greenland. Walitembelea makazi ya pande zote mbili na kuwasikiliza wawindaji. Ripoti yao ya 2017 ilipendekeza mambo matatu makubwa: eneo lisimamiwe na mamlaka ya Wainuiti, mipaka ya hifadhi iwekwe na wale wanaoitegemea, na watu wa ng'ambo hizi mbili waruhusiwe tena kutembeleana kama zamani, kabla taratibu za mipaka hazijakazwa.

Juni 14, 2022, Kanada na Denmark zilimaliza mzozo wa miaka karibu 50 kuhusu kisiwa kidogo cha mawe katikati ya Mlango-bahari wa Nares. Wainuiti hukiita Tartupaluk. Kwenye ramani za kimataifa kinaitwa Hans, kwa heshima ya Hans Hendrik. Walikigawa kwa mpaka wa nchi kavu, na katika makubaliano hayo wakatambua umuhimu wa Wainuiti kupita na kuwinda hapo. Hatua hiyo ni nzuri, lakini ni ndogo. Kisiwa hakina mkazi hata mmoja. Bahari inayokizunguka ndiyo inayolisha watu.

Mara nne sasa wageni wameitumia bahari hii kwa hesabu zao: kwanza kama njia ya Asia, kisha kama bohari la mafuta ya nyangumi, kisha kama lango la ncha, kisha kama uwanja wa vita. Kila mara hesabu iliharibika, na waliobaki na hasara ni wenyeji. Sasa meli za mizigo, za utalii na za kutafuta madini zinaitazama Aktiki inayofunguka, na hesabu ya tano isiruhusiwe kuanza kabla mapendekezo ya tume hayajatekelezwa. Kanada, Denmark na Greenland zina uwezo wa kuyatekeleza kwa sheria.

Kwa daraja lenyewe sheria hazitoshi. Daraja la barafu hujengwa na baridi, na baridi ya Aktiki inapungua kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa maelfu ya kilomita kutoka Qaanaaq. Nchi zinazochoma zaidi ndizo zinazodaiwa kupunguza kwanza, na deni hilo halilipiki kwa kuomba radhi miaka 50 baadaye.